SIKU YA MAPUMZIKO NA NDEGE WA NYIKA



Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema wazi kwamba kila mfanyakazi astahili walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Siku hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Vyama vya wafanyakazi vya nchi nyingi viliipigania kwa miaka mingi. Lakini nauliza: tukiisha kuipata, twaifanyia nini? Wengi wetu twailala. Wengine twaipeleka kilabuni, na jioni mshahara umepungua na kichwa chauma. Tena wako wanaoiuza siku yenyewe kwa ovataimu, mwezi baada ya mwezi, hata tajiri aanza kudhani kwamba hatuihitaji. Haki isiyotumiwa ni rahisi kuchukuliwa.

Kwa sababu hiyo nawaunga mkono wanachama wa tawi letu wanaotaka mfuko wa ustawi ununue darubini mbili na kitabu kimoja cha ndege, ili watu watoke pamoja mara moja kwa mwezi kutazama ndege wa nyika. Jambo hili limechekwa sana. Wengine wasema huo ni mchezo wa Wazungu na watalii. Wengine wasema fedha za chama ni za msiba na za kesi. Hoja hizi mbili zastahili kujibiwa kwa heshima, maana fedha ni za wote.

Nianze na Wazungu. Huko kaskazini ya nchi yetu, katika nchi kavu ya upande wa Marsabit, Waborana tangu zamani humfuata ndege mdogo anayeonyesha watu asali. Mtu hupiga mbinja, ndege huitika, akaruka mti hata mti mpaka mahali penye nyuki. Mwaka 1989 mtaalamu Mkenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walitoa hesabu ya jambo hili. Katika sehemu wasizozizoea, watu wasioongozwa na ndege walitafuta kwa wastani wa saa 8.9 kabla ya kupata nyuki. Walioongozwa na ndege walitumia saa 3.2. Basi Mborana alifundishwa na Mzungu gani kutazama ndege?

Na huko Nairobi, tangu mwaka 1971, watu hukutana kila Jumatano asubuhi kwenye Makumbusho wakaenda kutazama ndege pamoja. Matembezi hayo yalianzishwa na Bi. Fleur Ng'weno, chini ya chama cha elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka 1909. Mtu haulizwi cheti cha shule. Vijana wa Kenya waliofika hapo bila kujua lolote walijifunza, na wako waliopata kazi ya kuongoza wageni. Watoto wetu wanaokulia kando ya reli wangeweza kufanya vivyo hivyo, kwa kuwa nyika ni yao.

Sasa tuitazame nyika yenyewe. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ilikata jangwa la Taru kabla ya kufika Voi. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 yapita katika nchi ile ile. Sisi twaiona kila siku na twasema hakuna kitu, ni vumbi na miiba. Sivyo. Yuko ndege aitwaye firigogo, mkubwa kama njiwa, rangi yake ya mchanga. Chakula chake ni mbegu kavu, kwa hiyo hana budi kunywa maji, na asubuhi huja kwa makundi penye dimbwi. Dume mwenye makinda huingia majini, akalowesha manyoya ya tumbo ambayo hushika maji kama sponji, kisha huruka nayo kilomita nyingi. Makinda huyanywa maji kwa kuyafyonza katika manyoya ya baba yao. Mwingereza mmoja, Meade-Waldo, aliandika habari hii mwaka 1896, na wataalamu wengi hawakumsadiki. Ilithibitishwa mwaka 1967 na Tom Cade na Gordon Maclean. Mwenzetu mmoja wa gengi, ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja wa habari hizo, alijua dimbwi gani ndege hao hushuka na saa ngapi.

Yuko pia karani tamba, ndege mrefu atembeaye kwa miguu nyikani, mwenye manyoya nyuma ya kichwa kama kalamu zilizochomekwa sikioni. Humkanyaga nyoka kwa mateke mpaka afe. Makarani wetu wa steshoni watapenda kumwona jamaa yao akifanya kazi ngumu.

Na katika vilima vya Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 watu hukusanyika kila mwisho wa mwaka, wakati wa ukungu, kuwavalisha pete ndege wadogo wanaopita usiku kutoka Ulaya na Asia kwenda kusini. Kila pete ina namba yake, kama behewa. Baadhi ya pete hizo zimeonekana tena katika nchi za mbali. Viumbe vyepesi kuliko barua hupita juu ya vichwa vyetu tukiwa katika zamu ya usiku, nasi hatuna habari.

Nije kwa fedha. Ni kweli, msiba na kesi vitangulie, wala sisemi mfuko huo uguswe. Lakini chama kinachokutana kwa msiba na ugomvi tu, wanachama wake hujuana kwa huzuni na kwa hasira tu. Katika matembezi haya mtu wa gengi mwenye macho makali ndiye mwalimu, na stesheni masta ndiye mwanafunzi. Anayenyamaza katika mkutano, hapa husikilizwa anaponyosha kidole. Wanawake wanachama, ambao mara nyingi hawafiki mikutano ya jioni, waweza kuja asubuhi pamoja na watoto wao. Siku ya kudai nyongeza ya mshahara tutahitaji watu wanaoaminiana, na kuaminiana hakuanzi siku hiyo ya madai.

Yafaa mambo yaende kwa utaratibu. Tuondoke saa kumi na mbili asubuhi na turudi kabla ya saa nne, jua lisituue. Tusitembee juu ya reli. Sote twajua kanuni, na sote twajua waliokufa. Nchi ile ina tembo na nyoka, basi tusitoke bila mwenyeji anayeijua na ruhusa ya wenye mahali. Mmoja aandike majina, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kila aliyepo. Tuseme kwa sauti ya chini, tusitupe mawe, wala tusikaribie viota. Darubini zipokezanwe kwa zamu, bila kutazama cheo.

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Ndugu wa matawi mengine, lileteni jambo hili katika mkutano wenu ujao mlijadili. Anayelikataa na alikatae kwa hoja, si kwa kicheko. Na ye yote atakayekubali au kukataa, nawasihi asiiuze siku yake ya mapumziko kwa mazoea. Tusipoitumia siku hiyo wenyewe, watakuja watu kutuuliza twaidai ya nini, na tutakosa la kuwajibu.

Mfanyakazi wa Reli