"Dini Yako?" Swali Hili Lina Kazi Gani Kituo cha Polisi?

Wadau, leo nataka tuzungumze mambo mawili ambayo watu hawayaweki pamoja: upekuzi wa polisi, na haki ya mtu kutokuwa na dini. Mimi naona ni jambo moja. Nianzie huku pwani ya kusini, Kilwa na Lindi, mahali ambapo kijana akisema hadharani kwamba haamini Mungu, wazee watamuuliza kwanza kama anaumwa.

Huku dini ina mizizi. Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331 akawasifu watu wake kwa uchamungu, na magofu ya msikiti mkuu wa Kisiwani bado yanasimama. Lakini ni huku huku, kwenye vilima vya Umatumbi, Vita vya Maji Maji vilikoanzia mwaka 1905, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akanyongwa na Wajerumani pale Mohoro. Sisemi hakukuwa na vita. Nasema tangu enzi hizo serikali imezoea kuitazama imani ya mtu kama dalili ya kosa.

Sasa njoo karibu zaidi. Aprili 13, 2017 polisi wanane waliuawa Jaribu Mpakani, Kibiti. Kabla na baada ya hapo viongozi wa vijiji nao walikuwa wakiuawa. Ulikuwa unyama, hakuna wa kuutetea. Serikali ikaunda Kanda Maalumu ya Kipolisi Rufiji, msako ukaanza. Barabara ya Kilwa ni moja, mabasi ya Lindi na Mtwara yote hupita hapo. Mwandishi mwenzetu Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alitoweka Novemba 21, 2017 na mpaka leo hajaonekana. Mkija kuniuliza kwa nini mwandishi wa habari anajali haki za raia, jibu langu la kwanza ni hilo.

Katika hali kama ile, nani hupekuliwa kwanza? Hivi jamani, tusidanganyane. Ni kijana mwenye ndevu na suruali fupi. Kosa lake ni kufanana na picha iliyo kichwani mwa askari. Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar walikaa rumande miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi, kisha Juni 2021 mashtaka yakafutwa wakarudi nyumbani. Ile miaka nani anairudisha?

Sheria yenyewe si mbaya kiasi hicho. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda nafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inataka hati ya upekuzi, inataka hati hiyo itumike kati ya jua kuchomoza na kuzama isipokuwa mahakama imeruhusu vinginevyo, na inataka utoe stakabadhi ya vitu ulivyochukua, isainiwe na mwenye nyumba na mashahidi. Ndiyo, kuna nafasi ya dharura, na gari linaweza kusimamishwa njiani askari akiwa na sababu za msingi. Ila ndevu si sababu ya msingi. Kanzu si sababu ya msingi. Mahakama ya Rufani imeshatupa ushahidi katika kesi kadhaa kwa sababu upekuzi haukufuata utaratibu. Kwa hiyo anayesema "usalama kwanza, sheria baadaye" anahatarisha hata huo usalama, maana mhalifu wa kweli naye anaachiwa.

Hapo ndipo namleta asiyeamini. Ukienda polisi kutoa maelezo, pale juu kwenye karatasi huulizwa jina, umri, kabila, dini. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kutuuliza dini. Serikali inayotuhesabu imeona haihitaji kujua, lakini anayeandika taarifa ya kuku aliyeibiwa anahitaji! Ninao washikaji niliosoma nao chuo ambao hawaamini chochote. Wakifika hapo wanaandika ile dini ya baba. Kwa maneno mengine, mtu anaanza maelezo yake ya kweli kwa kusema uongo, kwa sababu anaogopa askari atamwonaje.

Katiba inasema nchi yetu haina dini, na Ibara ya 19 inatoa uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Kama ni uchaguzi, basi kutochagua nako kumo. Lakini tazama majirani. Kenya, chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa mwaka 2016 na kikasimamishwa mwaka huo huo baada ya viongozi wa dini kulalamika, ingawa baadaye kiliruhusiwa tena. Zanzibar, Machi 2024, polisi waliwakamata watu 12 kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani. Mimi nauheshimu mwezi huo, na nikiwa Kivinje sili barabarani. Hiyo ni adabu. Adabu ikisimamiwa kwa pingu, inageuka kitu kingine.

Kinachonisikitisha ni kwamba pande hizi mbili hazioni kuwa ziko kwenye mtumbwi mmoja. Kijana wa Dar asiyeamini hucheka akisikia "wenye ndevu" wamesombwa. Ustadh wa Lindi naye angefurahi yule kafiri akiwekwa ndani kidogo ashike adabu. Wote wawili wanaipa polisi ruhusa ya kuchungulia moyo wa mtu. Leo imetumika kwa mwenzako, kesho kwako. Mkuki kwa nguruwe...

Mapendekezo yangu ni madogo. Neno "dini" lifutwe kwenye karatasi za maelezo. Ukipekuliwa, omba kwa upole hati, shahidi na stakabadhi, na ukimwona mwingine anapekuliwa bila hivyo, muulizie hata kama humpendi. Hasa kama humpendi. Haki unayoweza kumtetea rafiki yako tu, bado hujaiamini.

Tutafakari.