KOMBE LISILOVUKA JANGWA

Tangu mwaka 1974 mataifa ya Afrika yashindania kombe la mpira wa mikono. Kwa upande wa wanaume, hadi mashindano ya Cairo ya mwaka 2024, kombe hilo halikupata kutoka mikononi mwa nchi tatu: Tunisia, Algeria na Misri. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa Kaskazini, wamelitolea jasho. Lakini sisi tulio kusini ya jangwa tusiseme ati hatukuumbiwa mchezo huu.

Watazameni akina dada wa Angola. Nchi yao ilipata uhuru mwaka 1975, ikakaa vitani hadi mwaka 2002. Katikati ya vita hivyo, mwaka 1989, walilitwaa kombe la wanawake, na leo wamelitwaa mara nyingi kuliko taifa lolote.

Je, sisi tuna udhuru gani? Mchezo huu wataka wachezaji saba kila upande, mpira mmoja, magoli mawili na uwanja wa mita 40 kwa 20. Twawaambia viongozi wa michezo: anzeni shuleni, na wasichana wasiachwe nyuma. Heshima ya taifa haiombwi, hutafutwa.