Treni ya Vita Isiyo na Mpagazi

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani alinijia hapa Butimba na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na treni ndogo ya vita, aliyoiunganisha kipande kwa kipande kwa vitu vya Märklin na vya watengenezaji wengine, alivyovinunua kwa wakusanyaji huko Ujerumani: kichwa cha mvuke, mabehewa ya wazi, mizinga, na askari wa kimo cha sentimita mbili. Akaipanga juu ya meza yangu, kisha akasema, "Mwalimu, hii ndiyo treni ya Wajerumani ya mwaka 1915, inatoka Dar es Salaam kwenda Kigoma."

Nikamwambia siyo. Akanuna. Watu waliokuwapo wakanilaumu kwamba mzee naharibu mchezo wa watu, kwa kuwa mchezo ni mchezo tu. Mimi sikubaliani nao. Kitu kikishapewa jina na mwaka, kimeingia darasani, na mwalimu ana haki ya kukisahihisha.

Tuanze na madogo. Vipimo vya treni ile ni sehemu moja ya 87, na reli zake zimeachana milimita 16.5, yaani zinaiga reli ya milimita 1,435 ya Ulaya. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ni ya mita moja. Ilimpasa atafute reli za milimita 12. (Reli pana ndiyo kwanza inajengwa kuja kwetu Mwanza siku hizi.) Na wale askari walivaa makoti ya baridi! Askari gani huyo wa Kinyamwezi aliyepita Dodoma na koti la theluji? Nyuma ya kichwa aliweka makaa ya mawe, ilhali bahari ilikuwa imezibwa na manowari za Waingereza, na treni zilikwenda kwa kuni.

Hayo ningeyasamehe. Mzinga pia alipatia, maana mizinga 10 ya manowari Königsberg, iliyozamishwa Rufiji mwezi Julai 1915, iliopolewa majini na kuburutwa na mamia ya watu, na mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Goetzen, ambayo ndiyo MV Liemba, kule Kigoma. Lakini nilimwuliza, wako wapi hao walioburuta? Akajibu kwamba madukani hawauzwi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kwa hiyo historia yetu itaamuliwa na kilichomo dukani?

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Wakati wa vita, shehena ya kuja huku iliteremshwa Tabora, na kutoka pale ilikwenda vichwani mwa watu, zaidi ya kilomita 300. Nikachukua karatasi tukapiga hesabu pamoja. Tuseme behewa moja lina tani 10, na mtu mmoja anabeba kilo 25. Hao ni watu 400 kwa behewa moja. Wakitembea wameachana mita tatu, mstari wao ni mita 1,200. Ukigawa kwa 87 unapata karibu mita 14. Meza yangu ina mita mbili! Msafara wa behewa moja tu ungetoka mlangoni, ukapita jikoni, ukaishia kwenye migomba. Na safari ni siku 15. Mtu akila kilo moja kwa siku, zaidi ya nusu ya uzito anaoubeba ni chakula chake mwenyewe, kwa hiyo waongezwe wengine wa kubeba chakula.

Kwa upande wa Waingereza peke yake wapagazi wapatao 95,000 walikufa katika vita vile, wengi kwa maradhi na njaa. Sanamu ya Nairobi inamwonyesha mpagazi pamoja na askari. Ile ya Dar es Salaam ya mwaka 1927 ina askari peke yake na bunduki yake, ingawa Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi, haiko mbali. Kijana wangu amerudia kosa hilohilo kwa fedha zake mwenyewe.

Aliondoka bila kukubali. Juzi nimepata habari kwamba anachonga watu kwa njiti za kiberiti, na amefikisha 60. Nimemtumia salamu kwamba bado 340.