Shujaa Asiyetaka Vita

Juzi nilikuta vijana wakibishana barazani hapa Tudor juu ya Hamza, askari aliyemo katika Afterlives, riwaya ya mwaka 2020 ya Abdulrazak Gurnah, mzawa wa Unguja aliyetunukiwa Nobeli ya fasihi mwaka 2021.

“Huyo ni shujaa gani?” akauliza mmoja. “Vita vyenyewe hakuvitaka!” Mwenzake akamtupia methali: kwa mwoga huenda kheri, kwa shujaa huenda msiba. Nikaombwa niamue.

Hamza aliingia jeshi la Wajerumani kwa hiari, punde akajuta. Hakupata ushindi wowote. Alirudi na jeraha la panga alilokatwa na mkubwa wake mwenyewe. Lakini wako waliokuwa na hiari ndogo kuliko yake. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza walihitaji watu wa kubebea jeshi lao mizigo. Mwaka 1915 wakatunga sheria ya kuwalazimisha. Hao ndio kariakoo, ambao jina lao limebaki katika mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi. Waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi, na makadirio ya wafu hao hufikia karibu laki moja.

Je, kulazimishwa kunatosha kumfanya mtu shujaa? La. Kunamfanya mwenye kudhulumiwa, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Askari aliyechoma kijiji cha wanyonge hawezi kuitwa shujaa kwa sababu tu hakupenda kwenda. Wala tusisahau waliokataa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahimiza Wagiriama wasitoe vijana wao kumtumikia mkoloni, akahamishiwa mbali na kwao. Huo nao ni ushujaa.

Basi mimi naupima ushujaa kwa jambo moja: mtu alifanya nini na ile nafasi ndogo aliyoachiwa? Mpagazi aliyegawana unga wake na mgonjwa ni shujaa. Hamza naye, kwangu mimi, anastahili. Alitoka katika ukatili bila kuubeba mwilini mwake, akafanya kazi ya mikono, akaoa, akawa mpole kwa mkewe. Wangapi walirudi vitani wakaugeuza ukali ule juu ya watoto wao?

Ukipita barabara ya Jomo Kenyatta, itazame ile sanamu ya askari. Utaona shaba, lakini majina ya wapagazi hutayaona. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kutowakumbuka wafu wengi wa Afrika kama ilivyowakumbuka wengine.

Kwa hiyo, msomaji, leo baada ya chakula waulize wazee wako: katika ukoo wetu, nani alichukuliwa? Andika jina hilo kabla halijapotea. Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.