Kompyuta kuukuu: Ifungue tumbo kabla ya kufungua pochi

Simu ilinipata mezani saa mbili usiku, tonge la ugali likiwa njiani. Alikuwa shemeji yangu wa Migori, mke wa marehemu kaka yangu, na sauti yake haikuwa ile ya kujuliana hali.

"Shem, nimeua mashine," alisema. "Na karo ya mtoto imo humo humo."

Mpenzi msomaji, shemeji ana kibanda cha chapa karibu na steji ya matatu mjini Migori. Mali yake ni kompyuta moja, printa moja na mashine ya fotokopi iliyoona mengi. Kwa kompyuta hiyo huwapigia walimu chapa mitihani, huandika barua za kuomba kazi, huwajazia vijana fomu za HELB na KUCCPS, na kila mwaka Juni 30 inapokaribia hukesha akiwajazia watu ritani za KRA. Watoto watatu wanasomeshwa na meza hiyo moja.

Mashine yenyewe ni HP Compaq Pro 6300, ile nyembamba, mtindo wa mwaka 2012. Ililetwa nchini ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo, kama zilivyo nyingi tunazonunua. Kwa miezi kadhaa ilikuwa imeanza ukaidi. Akifungua hati ya mwalimu kisha akafungua intaneti, mshale unakwama, taa ya diski inawaka bila kupumzika, na mteja anaanza kutazama saa. Mteja wa mjini naye hana subira. Kibanda kingine kiko hatua kumi tu.

Hapo ndipo alipotokea muuzaji wa vipuri mwenye ulimi mtamu. "Mama, hii yako ni i3. Tia i5 uone itakavyoruka!" Shemeji alikuwa amedunduliza shilingi 12,000 za karo. Akachomoa 3,000, akauziwa prosesa ya i5, na kwa kweli haikuwa bandia. Kijana aliyetumwa kuipachika aliiweka ikakataa kulala vizuri. Badala ya kujiuliza kwa nini, akaikandamiza kwa kidole gumba. Kukasikika mlio mdogo, kama wa kijiti kukatika.

Akatoa ile mpya, akarudisha ya zamani, akawasha. Mashine ikalia mara tano, ikanyamaza, ikalia tena mara tano, taa nyekundu ikipepesa na kioo kikiwa cheusi tititi. Kijana akakumbuka ghafla kwamba ana kazi kwingine.

Kesho yake nilidamka, nikapanda matatu kutoka Homa Bay, nikapita Rodi Kopany, Rongo na Awendo hadi Migori. Jioni nilirudi njia hiyo hiyo nikiwa nimeipakata kompyuta kama mtoto mgonjwa. Makanga alidai nauli yake. Nilimwuliza kama mtoto wa kupakatwa hulipa, akaniacha.

Hapa Homa Bay kuna mwalimu mstaafu ambaye hutengeneza kompyuta kwenye baraza ya nyumba yake, chini ya mlima Asego. Hana bango wala risiti. Ana makasha matatu ya vipuri alivyokusanya kutoka mashine zilizokufa, na ana subira. Aligusa chuma cha kasha ili kutoa umeme mwilini, maana cheche usiyoiona inaweza kuunguza kipande cha memori. Kisha akainua feni, akavaa miwani juu ya miwani.

"Nani alikandamiza hapa?"

Nikamweleza. Akaiomba ile i5 mpya, akanionyesha maandishi ya mgongoni: 4570. Ya zamani ilikuwa i3-3220. Tarakimu ya kwanza kati ya zile nne, alisema, ndiyo kizazi chake. Moja ni ya kizazi cha tatu, nyingine ya nne. Kizazi cha pili na cha tatu hukaa kwenye soketi yenye visindano 1,155. Kizazi cha nne kina soketi yake, ya visindano 1,150. Tofauti ni vitano tu, na kwa macho prosesa hizo ni mapacha. Lakini vijipengo vya ubavuni haviko mahali pamoja, kwa hiyo moja haiwezi kulala katika kitanda cha mwenziwe hata ukisali.

Nikadhani basi mtu akishajua namba ya soketi amemaliza. La! Kizazi cha sita na saba hutumia soketi ya 1151. Cha nane na tisa pia huitwa 1151, na bado haviwaki kwenye bodi za wale wa kwanza. Ndiyo maana neno "i5" peke yake halimwambii mnunuzi kitu. Ni sawa na kuambiwa "tairi" bila kuulizwa la baiskeli au la trekta. Namba ya kuuliza ni ya mashine yako nzima, kisha utafute orodha ya prosesa ambazo bodi yake inazikubali.

Katika mashine za aina hii visindano haviko kwenye prosesa; viko kwenye soketi, yaani kwenye ule ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi. Ukivipinda, ulichojeruhi ni ubao, na ubao ndio kompyuta. Vya shemeji vilikuwa vimepinda vinne. Mwalimu alivinyoosha kimoja kimoja kwa sindano ya kushonea na lenzi, kuanzia alasiri hadi kwaya ya jirani ilipoanza mazoezi. Mimi sikuthubutu hata kukohoa.

Ilipowashwa, kioo kikaleta picha. Nilitaka kushangilia, lakini mzee alikuwa anahesabu. Mashine ilikuwa na vipande viwili vya memori vya gigabaiti 2, na sasa ilikuwa inaona kimoja tu. Ina nafasi nne za memori, zimegawanywa katika njia mbili, na njia zote hupitia kwenye visindano vile vile. Njia moja ilikuwa imekufa. Kidole gumba kilikuwa kimekula nusu ya nafasi za memori.

"Sasa tutafute alichokuwa anaumwa kabla ya kupigwa," akasema.

Mimi nimeielewa hivi: nenda gatini asubuhi hapa Homa Bay, mtazame mama anayepara samaki. Yeye ndiye prosesa. Meza yake ndiyo memori. Kule anakoweka samaki wengine ndiko diski. Meza ikiwa ndogo, kila akimaliza samaki wawili hana budi kuinuka kwenda ghalani. Ukimfukuza ukamleta mama mwenye mikono miepesi zaidi, naye atashinda njiani vile vile. Taa ya diski iliyokuwa ikiwaka mchana kutwa pale Migori ilikuwa ni miguu ya mama huyo ikienda ghalani na kurudi, kwa sababu gigabaiti 4 hazitoshi kivinjari cha siku hizi pamoja na hati mbili.

Na hili hulipii mtu kulijua. Mashine ikizembea, bonyeza Ctrl, Alt na Delete pamoja, fungua Task Manager, utazame safu tatu: CPU, Memory na Disk. Memori ikiwa asilimia 90 na ushei huku prosesa imetulia kwa 20, yule anayekuuzia prosesa anakutibu mguu ilhali jino ndilo linaloumwa. Ikiwa prosesa ndiyo inayogonga 100 kila mara na memori ina nafasi, basi hapo ana haki.

Mwalimu akatoa kwenye kasha vipande viwili vya gigabaiti 4, akavitia katika njia iliyo hai. Jumla 8. Akacheka peke yake, akaniambia kwamba enzi za kompyuta za 486 aliwahi kuongeza memori kutoka megabaiti 4 hadi 8 na wenzake wakaja kutazama kama sinema. Nikapiga hesabu: 8 za leo ni mara 1,024 ya 8 zile, na bado tunalia hazitoshi.

Memori nayo ina mitego. Mashine hii hula DDR3, yenye miguso 240. DDR4 ina 288 na haiingii. DDR2 ina 240 pia, ila pengo lake liko pengine. Ya kompyuta ya mapajani ni fupi. Halafu kuna ile ya seva, inayouzwa rahisi sana, inafanana kabisa na inaingia, lakini mashine ya kawaida haiwaki nayo. Mwalimu alikumbuka pia mtu aliyekuja kulalamika kwamba ametia 8 na kompyuta inasoma 3 na kitu. Hakuwa ameibiwa. Windows yake ilikuwa ya biti 32, ambayo haiwezi kutumia zaidi ya 4. Iliwekwa ya biti 64, zote zikaonekana.

Baada ya memori akatoa diski ya kuzunguka, akaweka SSD ya gigabaiti 256. Hapo ndipo nilipoona maajabu. Awali shemeji alikuwa akiwasha mashine, anafagia kibanda na kupanga karatasi kabla haijakaa sawa. Sasa niliitazama saa: haikumaliza dakika.

Prosesa ilikuja mwisho. Mzee alikuwa na i5-3470 kutoka mashine iliyounguzwa madabodi na radi. Radi ukanda wetu huu wa Ziwa si mgeni. Alikuwa pia na mashine ya kizazi cha nne iliyohitaji ile 4570 yetu, basi tukabadilishana bila kulipana. Akafuta grisi kavu, akaweka mpya kiasi cha punje ya mchele, akarudisha feni iliyopulizwa vumbi, kwa maana i5 hiyo hutumia hadi wati 77 na ile i3 ilitosheka na 55. Kutoka viini viwili tukawa na vinne. Je, kuna tofauti? Kwa chapa na ritani, kusema kweli, nilihangaika kuiona. Angekuwa anahariri video ningeimba wimbo mwingine.

Kisichotibika ni umri. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka, isipokuwa chache, kizazi cha nane kwenda mbele. Hata tungejaza memori hadi juu, mashine hii haimo katika orodha. Mwalimu alipendekeza Linux Mint, ambayo ni ya bure na haibagui wazee. Tuliijaribu. Majedwali ya mtihani wa mwalimu mmoja yakahama kidogo, shemeji akatingisha kichwa. Tulikubaliana Linux iwekwe kando kwa kazi za intaneti na Windows ibaki kwa chapa, bila kuingilia mtandao. Ni usumbufu, lakini fomu za KRA zina nywila za watu.

Memori ilikuwa 1,600, SSD 3,000, na ufundi mzee alikataa kupokea zaidi ya 1,000. Ukijumlisha 3,000 za muuzaji, 8,600 zilikwisha kwenda. Hesabu yangu ni kwamba 4,600 zilitosha, na visindano vingekuwa vizima.

Shemeji alibaki na 3,400. Alienda shuleni akaomba kulipa kwa awamu, akapewa hadi nusu ya muhula. Nilipompigia juzi hakuwa na nafasi ya kuzungumza, kulikuwa na foleni, na nilisikia mtu akisema, "Mama, si jana ulikuwa unatungoja mpaka tukasinzia?"

Alichoniuliza kabla ya kukata simu ni kama zile nafasi mbili zilizokufa zinaweza kufufuka siku moja. Nimemwuliza Mwalimu. Anasema zinaweza, kwa kubadilisha ubao mzima, na anaendelea kutafuta makashani mwake.