MSHALE WA MAFUTA SI SHAHIDI WA KUTEGEMEA

Mwezi huu tuweke jembe chini kidogo. Tuzungumze juu ya pikipiki.

Siku hizi pikipiki ni chombo cha kazi kijijini, kama lilivyo jembe. Inabeba mbolea. Inabeba maziwa. Inampeleka mgonjwa zahanati. Hapa Tanzania, mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani ili tuwafikie wakulima. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sote, anayeendesha na anayebebwa.

Jambo lenyewe ni kuishiwa mafuta njiani. Fikiri ni saa nane za usiku. Mama mjamzito ameshikwa na uchungu. Amepakiwa kwenye pikipiki, na zahanati iko mbali. Katikati ya pori injini inazimika. Dereva anasema, "Lakini mshale ulionyesha mafuta yapo!" Maneno hayo hayamsaidii mama huyo.

Mshale unapataje habari?

Mshale hauoni mafuta. Unapelekewa habari tu. Ndani ya tangi mna boya dogo. Boya hilo linaelea juu ya petroli, kama boya la wavu linavyoelea ziwani. Limeshikwa na mkono wa waya. Mafuta yakipungua, boya linashuka. Mkono nao unashuka. Mkono ukishuka, umeme unaokwenda kwenye mshale unabadilika. Ndipo mshale unaposogea.

Sasa tazama habari hiyo inavyoharibika.

Kwanza, barabara. Ukipanda mlima au ukipita kwenye mashimo, petroli inacheza ndani ya tangi. Boya linacheza nayo. Hata ukisimamisha pikipiki kwa mguu wa pembeni, mafuta yanalala upande mmoja.

Pili, umbo la tangi. Tangi la pikipiki si debe. Limekalia chuma cha fremu kama tandiko lilivyokalia mgongo wa punda. Mahali pengine ni pana, mahali pengine ni jembamba. Kwa hiyo mshale ukisimama katikati, usiseme kwa hakika kwamba mafuta ni nusu.

Tatu, uchakavu. Boya likitoboka, linazama. Mkono ukiingia kutu, unakwama juu. Waya ukilegea, habari haifiki. Mshale uliokwama juu ndio mbaya zaidi, maana unakuambia yapo wakati hayapo.

Ijue koki yako

Pikipiki nyingi zina koki ya mafuta chini ya tangi. Mara nyingi imeandikwa ON, OFF na RES. ON ni kufungua. OFF ni kufunga. RES ni akiba.

Koki hiyo ina njia mbili za kuchukulia mafuta. Njia ya ON inaanzia juu kidogo ndani ya tangi. Njia ya RES inaanzia chini. Mafuta yakishuka chini ya njia ya ON, injini inaanza kukohoa. Hapo unageuza koki kwenye RES na kuendelea mpaka penye mafuta.

Ukishaongeza mafuta, rudisha koki kwenye ON. Usisahau! Anayetembea na koki kwenye RES siku zote amekula akiba yake. Injini ikizima, hana pa kugeukia. Ni kama mkulima aliyekula mbegu.

Pikipiki nyingine za siku hizi hazina koki ya akiba. Zina pampu ndani ya tangi, na pampu hiyo inapozwa na petroli yenyewe. Ukizoea kuimaliza petroli kabisa, pampu inaweza kuharibika.

Tumia kalamu

Hapa ndipo unapoona faida ya kujua kusoma na kuhesabu. Pikipiki ina saa inayohesabu kilomita. Chukua daftari. Fanya hivi:

1. Endesha koki ikiwa ON. Injini ikikohoa, simama pembeni mwa barabara. Andika kilomita pale pale. Tuseme ni 8,310.
2. Geuza koki kwenye RES. Nenda kanunue lita 2. Rudisha koki kwenye ON.
3. Endelea na kazi zako. Injini ikikohoa tena, andika kilomita. Tuseme ni 8,390.
4. Toa: 8,390 − 8,310 = 80.
5. Gawanya kwa lita ulizonunua: 80 ÷ 2 = 40.

Basi lita moja imekupeleka kilomita 40. Huo ni mfano tu. Pikipiki yako ina hesabu yake. Rudia mara tatu, na ushike hesabu iliyo ndogo kuliko zote. Mzigo mzito, milima na matope hula mafuta zaidi. Pima mchana karibu na kituo cha mafuta, siyo siku ya safari ndefu.

Ukishajua hesabu hiyo, huna haja ya kubahatisha. Kama safari ni kilomita 60 kwenda na 60 kurudi, jumla ni 120. Kwa mfano wetu, unahitaji lita 3. Ongeza lita 1 kwa ajili ya mlima na dharura.

Jihadhari na moto

Ukitaka kuhakikisha, fungua kifuniko mchana na utazame. Usiku tumia tochi. Usiwashe kiberiti kamwe, wala usivute sigara karibu na tangi. Petroli inatoa mvuke usiouona, na mvuke huo ndio unaoshika moto.

Usivute petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Ikiingia mapafuni inaweza kuua. Usiweke petroli katika chupa ya soda au ya maji nyumbani. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti.

Na ukiona gari la mafuta limepinduka, kimbia mbali. Tarehe 10 Agosti 2019, watu walikusanyika mjini Morogoro kuchota petroli kwenye lori lililopinduka. Petroli ililipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo waendesha bodaboda. Hakuna lita ya petroli yenye thamani ya roho ya mtu.

Ndugu msomaji, geji yako itengenezwe kama imeharibika. Lakini hata ikiwa nzima, iwe msaidizi tu. Daftari lako ndilo shahidi.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini mshale unaweza kusema yapo wakati mafuta yamekwisha?
2. Koki irudishwe wapi baada ya kununua mafuta?
3. Pikipiki imekwenda kilomita 105 kwa lita 3. Lita moja imeipeleka kilomita ngapi?
4. Kijijini kwenu, ni pikipiki gani itakayombeba mgonjwa usiku, na nani ataitazama kila jioni kama ina mafuta?

Swali la nne msilijibu kwa mdomo tu. Lijibuni kabla jua halijatua.