Tusicheke Swali la Fizikia



Kuna ugonjwa mmoja uliotia mizizi katika madarasa yetu, nao ni kicheko. Mwanafunzi akiinua mkono wakati wa somo la fizikia na kuuliza jambo lisilokuwa kitabuni, darasa zima huangua kicheko hata kabla mwalimu hajafungua kinywa. Akiuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga, ndio kabisa! Matokeo yake tunayaona. Mara tu tunaporuhusiwa kuchagua masomo, wengi huikimbia fizikia kama mtu aliyeona chatu, ati hiyo ni elimu ya Wazungu. Mimi nasema hapana. Fizikia ya nadharia, ile tunayoambiwa ni ngumu kupindukia, inaanzia jikoni mwetu. Isitoshe, jina la mwanafunzi wa kidato cha tatu wa hapa hapa Afrika Mashariki limo ndani yake.

Tuanze na sufuria. Kitabu chasema maji huchemka kwa digrii 100. Hapa Busia, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa digrii 96 hivi, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni kidogo kuliko ile ya Mombasa. Maji yakigeuka mvuke au barafu, wanafizikia husema maada imebadilisha hali. Ajabu ni kwamba badiliko hilo huja kwa ghafla. Unapunguza joto kidogo kidogo, maji yanabaki maji, yanabaki maji, halafu yanaganda. Je, nani aliyetoa amri? Kila molekuli huwavuta jirani zake tu.

Wenzetu wa Malaba mtanielewa upesi. Malori yakiwa machache kutoka Amagoro, barabara hutiririka. Yakizidi kiasi, lori moja likikwama mpakani basi foleni nzima inaganda, kama ilivyokuwa mwaka 2020 wakati wa vipimo vya korona, malori yalipopangana kilomita nyingi. Dereva wa nyuma hajui lolote kuhusu karatasi za yule wa mbele. Yeye anaona matairi ya lori lililo mbele yake, basi. Lakini habari imemfikia! Mfano huu una kasoro (molekuli hazina haraka ya kufika Kampala), ila unatosha kuonyesha jinsi kitu kinachogusa jirani tu kinavyoweza kusikika mbali.

Miaka ya 1970, Kenneth Wilson wa Marekani alionyesha namna ya kupiga hesabu ya mambo hayo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Vifaa alivyotumia vilitoka katika nadharia ya uga wa kwantamu, nadharia inayoeleza chembe zilizo ndogo kuliko atomu. Uga ni kitu kilichoenea kila mahali, kama nguvu inayoizunguka sumaku. Nadharia hiyo inasema hata elektroni ni kama kiwimbi katika uga wake. Kwa njia ya Wilson tunaelewa kwa nini sumaku za aina fulani zinapopoteza usumaku, na kimiminiko kinapofika mahali ambapo hakitofautiki tena na mvuke wake, hufuata kanuni zile zile. Sumaku na maji, jamani!

Sasa njooni kwa yule mwanafunzi. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika, Erasto Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe kabla ya kuyatia katika friji. Siku moja nafasi ilikuwa ya kugombaniwa, naye akayatia yake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu mmoja alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Wanafunzi nao wakapata neno la kumtania kila alipokosea.

Hakunyamaza. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dkt. Denis Osborne, mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakacheka tena. Osborne aliahidi kujaribu, akajaribu kweli, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Nasikia mtu akinong'ona kwamba jambo lenyewe linabishaniwa. Ni kweli. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima maji kwa uangalifu wasilione. Lakini mwaka 2020 wanafizikia wa Kanada walilionyesha kwa ushanga mdogo wa kioo ndani ya maji. Mwaka 2023 wananadharia wa Trieste, Italia, wakalikuta katika hesabu za kwantamu: mfumo uliovurugwa zaidi unaweza kurudi katika ulinganifu mapema kuliko uliovurugwa kidogo. Mwaka 2024 maabara ya Innsbruck, Austria, ikalithibitisha kwa ayoni. Wanaliitaje? Athari ya Mpemba ya kwantamu. Waliomcheka darasani hatuyajui majina yao.

Trieste ndiko Abdus Salam wa Pakistan alikoanzisha mwaka 1964 kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ili vijana wa nchi maskini nao wapate mahali. Tangu 2018 kituo hicho kina mshirika wake katika Chuo Kikuu cha Rwanda, Kigali, ambako shahada ya uzamili katika fizikia hiyo inafundishwa. Malori ya Kigali si tunayaona kila siku hapa Malaba?

Basi naomba chama chetu kiweke sanduku la maswali ya fizikia nje ya maktaba. Yaandikwe kwa Kiswahili, na walimu wakiridhia yajibiwe gwaride la Ijumaa. Najua mtihani ni wa Kiingereza. Lakini maada, mvuke, sumaku, mawimbi na uga ni maneno tunayo, na mtu hawezi kujibiwa swali alilolimeza. La kwanza nimekwisha kuliandika: ikiwa maji yetu huchemka kwa digrii 96, maharagwe ya Busia yanahitaji muda gani zaidi ya yale ya Mombasa, na wapishi wa Kapsokwony, kule juu Mlima Elgon, wafanyeje?